Gemu la Ng'ombe Wasiohesabiwa

Mi ni prodyuza. Hapa Katesh ukisema hivyo watu wanakuuliza studio iko wapi, umemtoa msanii gani. Hapana, mi ni prodyuza wa gemu la simu. Hilary anaandika programu, Gidamis anachora, mi nahakikisha kila mtu anamaliza kazi yake na kampuni ya Arusha inayotaka kulitoa gemu letu haituchoki. Tangu nimemaliza fomu foo sijapata kingine, kwa hiyo hiki nimekishika kwa meno.

Gemu ni la kuchunga. Unatoa ng'ombe bomani, unawapeleka ziwani wakalambe chumvi, unawarudisha, na fisi wapo njiani. Gidamis kachora ng'ombe wa baba yake kabisa, wa kule Dirma, kila mmoja na rangi yake na pembe zake. Hilary akaweka namba juu kwenye kona, inakuonyesha umebaki na ng'ombe wangapi.

Wiki ya kukabidhi, Gidamis akaacha kutuma michoro. Simu hapokei. Nikapanda bodaboda mpaka kwao.

Baba yake alikuwa amekaa nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye unayehesabu ng'ombe wangu?"

Kwetu Mbulu tunalima vitunguu saumu, na gunia unalihesabu mbele ya mtu yeyote. Kumbe Gidamis alimwonyesha mzee gemu, mzee akawatambua ng'ombe wake, akacheka. Halafu akaiona namba, akarudisha simu; kwao ng'ombe hawahesabiwi, ni kuwaitia mkosi.

"Namba itoke, au ng'ombe wangu watoke," akasema taratibu tu, akaagiza niletewe maziwa.

Gidamis aliponisindikiza nikamwuliza, "We si ungesema mapema?"

"Mi nilikuwa naiona kama pointi tu, bwana. Mpaka mzee alipoisoma kwa sauti."

Nikampigia dada Loveness wa ile kampuni.

"Yonas, mchezaji asipoona namba atajuaje anashinda? Atalifuta siku hiyo hiyo. Sisi gemu la hivyo hatutoi."

Hilary naye, "Tuweke kuku basi. Kuku hawana baba mkali."

Michoro mipya ya ng'ombe wengine tusingeiwahi. Nikamwuliza Gidamis: baba yako jioni anajuaje kuna mmoja hajarudi?

"Anawaangalia wakiingia. Asiyekuwepo si anaonekana?"

Nikamwambia Hilary atoe namba. Ng'ombe wakifika wapite langoni mmoja mmoja, mchezaji aangalie mwenyewe, aamue kufunga au kurudi porini. Akifunga kuna aliyebaki nje, fisi anamla. Hilary alinung'unika, lakini akafanya. Nikamtumia dada Loveness, nikakaa na simu mkononi siku nzima kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Akapiga.

"Yonas, yule mwenye baka jeupe shingoni yuko wapi? Mbona sijamwona akiingia?"

"Umeshafunga lango?"

"Bado."

"Basi rudi ziwani dada, huyo huwa anabaki nyuma."

Nasikia anabonyeza.

"Nimempata," akasema. "Sawa, litoke bila namba. Ijumaa nataka kila kitu kiwe kimefika."

Nikampigia Gidamis, safari hii akapokea. Nikamwambia mzee ameshinda, sasa alete michoro iliyobaki.

"Italetwa," akasema. "Ila mzee ana swali. Anauliza kwa nini dume lake hamkuliweka."