Kisahani cha Saba

Kisahani cha saba sikukiosha vizuri. Leo, miaka kumi na moja baadaye, nalisema bila haya. Siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Kazi yangu pale maabara ilikuwa kuosha seli kwenye visahani vya kuzioteshea. Kwenye kipande cha uvimbe unakuta seli za saratani pamoja na majirani zao, yaani seli za kawaida za mwili zinazouzunguka na kuushikilia. Sisi tulitaka seli shina pekee, zile zinazoizaa saratani upya hata ikishakatwa. Basi nilikuwa nawafukuza majirani, naosha mara tatu, ndipo tunatia dawa mpya. Na dawa, nakuapia, iliua. Visahani sita, seli shina zote chali! Bosi wetu, mama mkali asiyecheka ovyo, alipiga vigelegele mbele ya darubini.

Cha saba nilikiosha mara moja tu, mbio mbio, nimwahi kaka yangu wodini, alikolazwa kwa saratani hiyohiyo. Kesho yake nikachungulia: majirani wametapakaa, na katikati yao seli shina zimenawiri kama hazijaguswa. Nikarudia, safari hii makusudi. Yaleyale. Majirani walikuwa wanazikinga.

Sasa niambie, ni mwili wa nani uliooshwa mara tatu?

Jina la kaka lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wagonjwa wa kuijaribu dawa ile, kuanzia Jumatatu iliyofuata. Alikuwa ameshanyoa ndevu, eti manesi wasije wakamwita mzee. Nilimwendea yeye kabla ya bosi, nikamweleza yote huku nalia.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ukisema, inakuwaje?"

"Wanasimamisha. Wanaanza upya, na majirani wakiwemo. Ni miaka, kaka."

"Usiposema?"

"Mnapewa. Itawatapisha, itawamaliza nguvu, na ugonjwa utabaki palepale."

"Una hakika?"

"Ya kisahani ninayo. Ya mtu, hakuna aliye nayo."

Akageukia ukutani. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama afariki, akanisomesha, akanitania mbele ya wachumba. Nilimwonea huruma.

"Orodha ina watu wangapi?"

"Arobaini."

"Na nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi nenda kwa bosi wako sasa hivi, mdogo wangu, kabla sijakuomba unyamaze."

Nilikwenda bila kumuaga. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka.