Usingizi Juu ya Kochi la Mteja

Binti yangu aliacha kulala. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umekaribia, na kila alichosoma kilimtoka kama maji kwenye pakacha.

Ni kitinda mimba wetu, kwa hiyo tunamwita Kitinda. Ratiba aliichora mwenyewe kwa chaki yangu ya kuchorea vitambaa, kwenye ubao wa karakana. Mimi ni fundi wa makochi. Mtoto amekulia humu, akinisikia kila siku nikisema: jaza sufi, usiache pengo. Naye akajaza. Hesabu, kemia, historia, jiografia, alfajiri mpaka alfajiri. Kula hakukuwemo. Kulala hakukuwemo. Mimi shule niliiacha mapema, nikaitazama ratiba ile nikaisifu.

Mama yake alipoiona alitikisa kichwa.

"Umemshindilia mtoto sufi mpaka mshono unafumuka."

"Mimi? Kachora mwenyewe."

"Kamwiga nani? Mimi nauza sabuni."

Tukafuta nusu ya ubao. Somo moja asubuhi, moja jioni, katikati kupumzika. Kitinda aliliangalia lile pengo kama mtu anayechungulia kisima.

"Hapa nitafanya nini, baba?"

"Hakuna."

"Hakuna kunafanywaje?"

Alijaribu. Alijilaza kitandani, macho makavu. Alisema akiyafumba anaona karatasi nyeupe, na maswali yanaogelea ndani yake kama samaki wasio na majina.

Siku ya kuamkia mtihani alinifuata karakana mchana. Nilikuwa nimemaliza kochi la mama wa duka la vioo, la kitambaa cha buluu, umebaki mto mmoja tu. Nilikuwa nachambua sufi, nayo inapaa, inazunguka kwenye mwanga wa dirishani. Kitinda akaketi kwenye kochi, kalamu mkononi, akawa anajisomea kwa sauti. Kidogo kidogo sauti ikalegea. Mito ya jiografia ikamwagikia kwenye tindikali. Wafalme wakagawanywa kwa mbili. Halafu kimya.

Usingizi ulimchukua mzimamzima. Nikaiweka nyundo juu ya kitambaa ili isilie. Sufi ikashuka polepole, ikamtua kwenye nywele, kwenye kope, na karakana nzima ikawa kama iko chini ya maji. Hata kelele za barabarani zilitufikia zimelowa. Sijui nilisimama pale muda gani.

Mama wa vioo akaja na mkokoteni.

"Fundi, nimefuata mzigo wangu. Wageni wanafika jioni."

Nikaweka kidole mdomoni. Akachungulia ndani.

"Mwamshe."

"Simwamshi."

"Kochi ni langu, fundi."

"Ni lako. Kesho ana mtihani, na wiki nzima hajalala. Simwamshi."

"Na wageni wangu wakae wapi, juu ya vioo?"

Msukuma mkokoteni akacheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamwambia mama yule kwamba nyumbani nina kochi la mbao ngumu, alilichonga marehemu baba yangu. Alichukue leo, kesho tubadilishane. Alisita, akatazama jua, akakubali.

Nyumbani tulimkuta mke wangu amelikalia, anapanga sabuni zake.

"Ondoka hapo, mama. Kochi linakwenda."

"Linakwenda wapi?"

"Kitinda amelala."

Alinitazama kwanza. Kisha akazikumba sabuni kwenye kanga, akasimama.

Kitinda aliamka giza limeingia. Akala, akarudi kulala, safari hii kitandani kwake. Asubuhi akaenda. Alirudi anatembea taratibu, akavua viatu mlangoni.

"Enhe?" nikamwuliza.

"Leo samaki walikuwa na majina, baba."

Mama wa vioo alikuja kama tulivyokubaliana. Akakuta kalamu imevuja pale mtoto alipolala, doa la wino katikati ya buluu.

"Basi," akasema, "tubaki hivi hivi."

Kochi la baba halikurudi. Ufundi sikulipwa, na gharama ya kitambaa imeniangukia mimi. Mama wa vioo sasa anapeleka kazi zake kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Doa nimelisugua kwa sabuni za mke wangu, kila aina aliyonayo. Halijatoka.