Meza ya Kukatia

"Hivi huyo shemeji yako siku hizi anajiona nani?" Jirani yangu aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo, kila mtu upande wake wa ukuta. "Anatupita njiani kama anapita miti. Salamu hata ya kuibia hatoi!"

Nikamwambia ana mawazo.

"Mawazo gani hayo ya kumnyima mtu mdomo? Wenzake hatuna mawazo?"

Nikabana shuka langu kwenye kamba, nikamwomba Mungu anisamehe uongo, nikaingia ndani.

Shemeji yangu hakuwa na kiburi. Alikuwa haoni. Si kwamba kiza kilikuwa kimemfunika kabisa, la. Aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: kilicho mbele yake kabisa anakiona, cha pembeni hakipo, na hicho cha mbele chenyewe kimefifia kama kitambaa kilichofuliwa mno. Daktari alisema ni presha ya macho. Akasema kilichokwisha kwenda hakirudi, na matone ya dawa kazi yake ni kuchelewesha tu kisiende chote. Nilimsindikiza mimi, kwa sababu mkewe alikwisha tangulia mbele ya haki, na mume wangu, ambaye alikuwa mdogo wake, naye vilevile. Tulipotoka hospitali alisimama kwenye ngazi, mkono kwenye chuma, akasema:

"Shemeji, mtoto asijue."

"Atajua tu, shemeji."

"Akijua ataniondoa mezani. Nikiondoka mezani nitakwenda wapi mimi? Nikakae nyumbani nitazame kuta nisizoziona?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimemwahidi kwa kunyamaza kwangu, na Mungu alisikia.

Meza aliyoisema ni meza ya kukatia katika karakana tuliyofanya kazi sisi sote. Tulishona makoti ya wauguzi, mashuka ya wagonjwa na mapazia ya wodini. Kitambaa hutandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, juu kabisa huchorwa kwa chaki, kisha mkataji hupitisha mashine yenye wembe na kukata rundo zima kwa mkupuo. Mshonaji akikosea, anafumua. Mpiga pasi akikosea, ananyunyiza maji na kuanza upya. Mkataji akikosea, hakuna dua. Ndiyo maana shemeji, mkataji wetu, tulimwita Mzee hata kabla hajazeeka.

Na mtoto aliyesemwa hapo ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Mwanawe wa kumzaa. Mimi aliniita mama mdogo, na nilimlisha kwa mkono wangu alipokuwa hajui kushika kijiko. Mwenye karakana alimleta akitoka masomoni, na Mzee siku hiyo alivaa shati la kwendea ibada.

Msimamizi alitukuta tunafanya kazi kwa makelele. Chumba cha kukatia kiko upande mmoja wa ukumbi, cha kushonea upande wa pili, pasi ziko nyuma. Mtu akitaka kujua kitu anapiga ukelele, na asiposikika anainuka na kwenda. Mikono ya makoti ilishonwa kabla migongo haijakatwa. Mara moja tulishona mapazia ya wodi ambayo mteja alikwisha yakataa, kwa sababu aliyepokea simu alimwambia mpiga pasi, na mpiga pasi aliona si kazi yake kulisema. Kwa hiyo kijana alipoanzisha kundi kwenye simu zetu, na kutundika ukutani kile kishikwambi tulichokibatiza Simu Mama, sikumcheka. Alikuwa na haki.

Mwanzoni kundi lilikuwa soko. Mimi nilipeleka sala ya asubuhi. Mpiga pasi alipeleka picha za maua yenye maneno ya kubembeleza, hatujui alikuwa akimbembeleza nani. Na yule mama anayechora chaki, tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimi, alituma ujumbe wa sauti mrefu kiasi kwamba ungeshona kola ukaimaliza yeye bado anasalimia.

"Redio, ulikuwa unasema nini pale?" msimamizi alimuuliza.

"Nilisema chaki zimeisha."

"Basi! Na yale mengine yote?"

"Yale yalikuwa ya kufikia hapo, bosi."

Tulicheka hadi mashine zikasimama. Lakini kijana hakukata tamaa. Akatenga kundi la soga na kundi la kazi. Sisi ambao shule yetu iliishia ya msingi, tunaosoma kwa kufuatisha kidole, akaturuhusu tuseme kwa sauti badala ya kuandika, mradi iwe fupi. Kila kazi ikapigwa picha pamoja na vipimo vyake. Kwenye Simu Mama kila kazi ilikuwa na kijisanduku chake, ikitoka kukatwa kinasogezwa kwenda kushonwa, kisha pasi, kisha mlangoni. Mambo yakanyooka, sitaki kusingizia simu. Nilikuwa naketi kwenye cherehani yangu na kujua kinachotendeka kwenye kila chumba bila kuinua shingo.

Mzee peke yake hakulitumia kundi. Simu yake ilikaa kwenye mfuko wa chakula, chini ya bakuli.

"Baba, umeona ujumbe?"

"Nimeuona."

Mimi nilijua hajauona. Redio alijua. Mpiga pasi alijua. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alijua kivyake, tukaishi hivyo. Redio alipochora, alikandamiza chaki mpaka ikavunjika. Mimi nilijifanya nimekwenda kuuliza jambo, nikaingia chumba cha kukatia na sindano yangu, nikapitisha mishono mirefu ya kushikiza juu ya mstari wa chaki, kwa uzi mnene. Mzee alikata huku kidole gumba cha kushoto kikitangulia mbele ya wembe, kikifuata uzi. Alikata sawasawa kama zamani. Ukingo uliopinda kidogo, niliunyoosha kwa mkasi kabla sijaushona. Alipomaliza alinigusa bega tu, nami nikarudi kwenye cherehani.

Basi hiki ndicho kilichoharibika. Kundi lilipokaa sawa, msimamizi alisema hakuna tena sababu ya mtu kutoka kwenye mashine yake. Swali likiwepo liulizwe kundini, jibu litakuja hapo ulipo. Alisema kwa nia njema kabisa, alikuwa ameona tunavyopoteza saa za kazi kwa kutembea ukumbini. Na mara mbili alinikuta mlangoni kwa baba yake.

"Mama mdogo, ulikuwa unauliza nini huko? Ungeuliza kundini."

Mara ya pili niliamua. Nilikuwa nimeomba Mungu usiku uliopita anionyeshe, na niliona kuwa ahadi ya kumkatisha mtu kidole si ahadi. Nikamfuata kwenye kiofisi chake.

"Mwanangu, nina neno kuhusu mezani kwa baba yako."

"La nyumbani au la kazi?"

"La kazi. Na la nyumbani."

Akaweka mkono kifuani, kama anavyofanya tangu mtoto akitaka kukukatalia kwa adabu. "Mama mdogo, nakuheshimu mno. Lakini kama ni la kazi, liweke kundini wote tulione. Nikianza kusikiliza ya pembeni kwa kuwa wewe ni mama yangu, kesho mpiga pasi atasema kuna wenye masikio yangu na wasio nayo. Haya manong'ono ndiyo yaliyokuwa yanatuangusha."

"Kuna maneno hayafai kundini, baba."

"Yapi hayo? Hapa wote ni ndugu." Akatabasamu, simu ikaita, akaipokea.

Ningeweza kumshika mkono. Niliona uso wake ulivyojaa kazi, nikasema nitamwendea nyumbani Jumapili.

Jumapili haikuwahi.

Yalikuja makoti ya wauguzi, ya saizi mbili. Redio, kwa kuokoa muda, alichora saizi kubwa, na ndani yake akachora ndogo, kama ilivyo kawaida yetu: rundo hili lifuate mstari wa nje, rundo lile wa ndani. Akaweka picha kundini, na maelezo kwa sauti, mafupi, safi kabisa. Kila mmoja wetu aliyasikiliza. Simu ya Mzee ililia chini ya bakuli. Nilikuwa kwenye cherehani, nimeushika uzi mnene mfukoni mwa gauni, na msimamizi amesimama katikati ya ukumbi akiwaonyesha wageni wa mwenye karakana jinsi Simu Mama inavyofanya kazi. Nikasikia mashine ya kukatia ikiwaka.

Rundo lililotakiwa kuwa kubwa lilikatwa dogo. Lote.

Msimamizi hakufoka. Afadhali angefoka. Alipiga picha vipande, akaweka kundini na kuandika: hapa tatizo limetokea wapi? Tusaidiane, hakuna wa kulaumiwa. Tulikuwa sote tumekwisha kusanyika ukumbini, simu mikononi. Zile alama za buluu za kuonyesha ujumbe umesomwa zikaja moja moja. Mpiga pasi alizitazama kucha zake.

"Jamani," kijana akasema kwa mdomo. "Tumefanya yote haya ili tuweze kuambiana. Sasa mbona kimya?"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, uso umeelekea upande ambao sauti inatoka.

"Baba, wewe ulifuata mstari?"

"Nilifuata mstari."

Na huo ulikuwa ukweli. Alifuata mstari alioupata.

Kijana akashusha pumzi, akamgeukia Redio. "Basi mistari ilichorwa vibaya. Mama, samahani, lakini ulichora saizi mbili mahali pamoja, na hii si mara ya kwanza ninakuambia linachanganya. Mwenye karakana anataka jibu leo. Itabidi upumzike kuchora, nitafute mtu mwingine."

Tulijua wote kupumzika maana yake nini. Nilimtazama Redio. Mwanamke ambaye alikuwa akibishana hata na jua likichelewa kutoka, alifungua mdomo, akamtazama Mzee pale mlangoni, akaufunga. Machozi yakamshuka na hakuyapangusa.

"Nimekusikia, bosi," akasema. Manong'ono yakazuka ukumbini, na Mzee akageuka, akaingia chumbani mwake.

Hapo nilipiga hatua. Nilikuwa niseme sasa, mbele ya watu, liwalo na liwe. Lakini simu zote zikalia kwa pamoja mikononi mwetu, na ile ya ukutani nayo. Ujumbe wa sauti, kundini. Umetoka kwa mtu ambaye hajawahi kutuma hata salamu.

Nikageuka. Mzee alikuwa amerudi mlangoni, ameishika simu yake karibu na uso, karibu mno, kama anayenusa. Sijui ni nani aliyemfundisha pa kubonyeza. Labda alijifundisha mwenyewe nyumbani, kwa kupapasa, ili siku moja amfurahishe mwanawe.

Msimamizi akabonyeza. Sauti ya Mzee ikatoka ukutani, kubwa kuliko alivyozoea kusema:

"Asiondolewe mtu. Mama wa watu amechora vizuri. Ni mimi. Sioni. Nilikuwa nashikiziwa uzi nikaufuata kwa kidole, leo uzi haukuwepo. Ni hivyo tu."

Halafu ikasikika pumzi yake, na mlio wa bakuli, na ikakatika.

Kijana alibaki amekitazama kile kioo kana kwamba kitaendelea. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, akaniacha mimi wa mwisho, na sikuweza kuyahimili macho yale. Akamwendea baba yake. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Tangu lini, baba?"

"Yalianza kabla hujaja."

"Na hukuniambia? Mimi? Mimi mwanao niko hapa kila siku, nakusalimia asubuhi, nakuuliza umeamkaje, hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanyaje?" Mzee akasema polepole. "Haya, na sasa umejua. Utaniacha mezani?"

Ukumbi mzima ulisikia swali. Lilikuwa swali la kweli. Mzee aliinua kidevu akisubiri, na usoni mwake niliona tumaini, Mungu shahidi, tumaini kama la mtu anayesikia mlango unabishwa. Wembe wa mashine ile hukata rundo la vitambaa kama siagi. Kijana alijua, na kila mmoja wetu alijua jibu ambalo mwana anayempenda baba yake ni lazima alitoe. Kijana akatazama chini.

Mzee hakuona kwamba mwanawe ametazama chini. Akaendelea kusubiri, kidevu kimeinuka, mpaka kile kimya kikamfikia.

Akafungua kamba ya aproni mgongoni, kwa shida, fundo likamkatalia. Alipoifungua aliikunja vizuri, akaipapasa meza ya kukatia nyuma yake na kuilaza ukingoni. Kisha akaanza kuvuka ukumbi. Paja lake likagonga kona ya meza ya pasi, na mpiga pasi akaivuta meza nyuma haraka, akilia. Kijana akamkimbilia, akamshika kiwiko. Mzee akasimama. Akakitafuta kile kiganja cha mwanawe kwa mkono wake wa pili, akakitoa kiwikoni taratibu, bila hasira, akashika ukuta, akaufuata ukuta mpaka mlangoni, akatoka.