Mkamwana Nyuma ya Kabati la Swichi

Tupokigwe aliipenda kazi yake kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele za watu. Kiwanda cha mbao kilikuwa nje kidogo ya Mafinga, na yeye ndiye aliyeangalia chumba cha umeme chenye makabati marefu ya chuma, yaliyojaa swichi na nyaya za kuendesha misumeno yote ya pale. Mwezi wa saba, wenzake kwenye uwanja wa magogo walipotetemeka mpaka meno yakagongana, yeye alikaa kwenye joto la mitambo ndani ya koti lake la buluu, akisoma mishale ya mita. Mumewe Eliezeri, mnoa misumeno, hakukosa kisingizio cha kupita hapo, kumbe anatafuta joto tu.

Sasa kazi hiyo ilikuwa mashakani, na aliyeitia mashakani ni baba mkwe wake.

Mzee Isakwisa alikuwa zake Tukuyu akichuma chai kwa amani, mpaka mtu mmoja asiyejua kufunga mdomo alipomfikishia habari kwamba mke wa mwanawe anashinda chumba kimoja na mitungi ya gesi. Mzee aliwahi kuwazika jirani yake na mke wa jirani huyo, waliolala na jiko la mkaa nyumba ikiwa imefungwa. Neno gesi lilimtosha, akapanda basi. Alipofika Mafinga alimwambia mwanawe kwamba ataiangalia hiyo gesi kwa macho yake mwenyewe, na asiporidhika, mkamwana anafungasha na kurudi naye Tukuyu. Eliezeri, mwanamume asiyeogopa meno ya msumeno, alijibu "Ee, tata," yaani ndiyo, baba, kisha akatazama chini.

Tupokigwe mwenyewe angejitetea vizuri sana, maana ulimi alikuwa nao. Tatizo ni kwamba hakuruhusiwa kuutumia. Kwa Wanyakyusa wa aina ya Mzee Isakwisa, mkamwana hakai alipo baba mkwe wake, hamtazami, wala hasemi naye. Akimwona njiani, hujitupa pembeni kwenye majani hata kama yana umande. Mzee alikuwa Mkristo asiyekosa ibada, lakini mila hiyo hakuiacha, na Tupokigwe naye alilelewa hivyo hivyo. Tangu aolewe, hawakuwahi kupeana hata salamu. Mzee alipofikia kwao, yeye alihamia kwa jirani na kupitisha chakula dirishani.

Mpango ulikuwa kwamba Didas, fundi umeme, amwonyeshe mzee chumba wakati wa chakula cha mchana, Tupokigwe akiwa ametoka. Didas alikuwa Mhehe wa Ipogolo, fundi hodari, ila mwenye papara. Asubuhi tu alimkuta mzee getini akiota jua, akamshika mkono akamleta.

Tupokigwe alisikia kikohozi cha baba mkwe wake mlangoni. Chumba kilikuwa na mlango mmoja. Hakufikiri mara mbili. Alijibana nyuma ya kabati la mwisho, kati ya chuma na ukuta, akavuta pumzi ili apungue unene.

"Kamwene, baba, karibu ndani," alisema Didas, akimwamkia kwa Kihehe. "Ndiyo haya makabati. Na ile mitungi myekundu ndiyo gesi yenyewe, ya kuzimia moto."

"Ndiyo inayoua?"

"Hapana, baba. Sikiliza. Gesi ziko mbili. Ile ya zamani, hewa ukaa, inajaa chumba chote na kuisukuma hewa yetu nje. Moto unakufa, na mtu aliyemo naye anakufa. Hii siyo hiyo. Hii inaitwa haloni. Inaingia kidogo tu kwenye hewa, inamshika moto mwenyewe, inamkata kauli. Wewe bado unapumua. Na haiachi maji, haiachi vumbi. Swichi zinabaki kavu."

"Ina rangi?"

"Haina."

"Inanuka?"

"Kidogo mno, hata hutaisikia."

"Basi kitu kisichoonekana wala kunuka, nitajuaje kwamba hakijaniingia kifuani?"

Didas akaipiga piga mitungi kwa kiganja. Nyuma ya kabati, Tupokigwe alijiuma mdomo wa chini, kwa kuwa jibu alikuwa nalo. Ndiyo maana kuna kengele, alitaka kusema. Kengele hulia kwanza, na mtu ana kama nusu dakika ya kutoka kabla mitungi haijafunguka. Haloni haimuui mtu aliyekaa nayo dakika moja au mbili, lakini si ya kuchezea. Ukikaa nayo sana kichwa kinazunguka na moyo unakwenda ovyo, na ikikutana na moto mkubwa inageuka moshi mkali wa kuchoma koo. Yeye ndiye aliyewakaririsha wafanyakazi wote: kengele ikilia, acha kila kitu, toka. Aliwaimbisha mpaka wakamchoka.

Hapo ndipo Mzee Isakwisa, aliyekuwa akitafakari, alipotoa kiko chake akakiwasha.

Ukutani palikuwa na kibao kikubwa cha kukataza sigara. Mzee hakuwa amevaa miwani. Didas alikiona kiko, akakiona na kibao, lakini mtoto wa watu aliyelelewa vizuri atamwambiaje mzee wa umri wa babu yake zima kiko chako? Alicheka cheka tu kwa adabu. Tupokigwe alichungulia kwenye upenyo, akakiona. Pale darini palikuwa na vidude vya kunusa moshi, na tumbaku ya Mzee Isakwisa, ya kulima mwenyewe, ilitoa moshi wa kutosha kukaushia nyama. Alitaka kupiga kelele. Adabu ikamziba mdomo, akajichukia kwa hilo.

Kengele ikalia.

Didas, aliyekuwa amewaeleza watu wengi jinsi ya kutoka kwa utulivu, alitoka kwa kishindo. Kitufe cha kuizuia gesi kilikuwa nje kando ya mlango, na kazi ya kukishika ilikuwa yake, lakini yeye alishafika uwanja wa magogo. Mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake, kama ulivyotengenezwa, ili gesi isitoroke.

Tupokigwe alisubiri asikie hatua za mzee zikielekea mlangoni. Hakusikia kitu. Alichungulia tena. Mzee alikuwa amesimama katikati ya chumba, amemgeuzia mgongo, na kofia ameishusha mpaka kwenye pua.

"Nasema na ukuta," mzee alipaza sauti juu ya kengele. "Ukuta, nimeona viatu vya kike chini ya kabati. Mwenye viatu apite atoke. Mimi nimefumba macho."

Kupita mbele ya baba mkwe, akamwacha nyuma kwenye hatari! Tupokigwe hakuweza.

"Nasema na kabati," alijibu kwa sauti nyembamba. "Kabati, mwambie mzee atangulie. Gesi inakuja!"

"Ukuta, mwambie siondoki nikamwacha mtoto wa watu humu!"

"Kabati, mwambie mzee anatuchelewesha!"

Wakabishana hivyo, kila mmoja kwa heshima kubwa, mpaka mitungi ikafunguka.

Mlio wake ulikuwa kama wa gurudumu la lori kupasuka. Ukungu mweupe wa hewa iliyopoozwa ghafla, wa baridi kuliko asubuhi zote za Mafinga, ulishuka kutoka darini. Karatasi ziliruka, kofia ya mzee ikaenda zake, kiko kikazimika mdomoni mwake. Mzee aliyumba, akashika hewa, akaanza kuelekea upande usio na mlango.

Tupokigwe akatoka. Koti alijifunika kichwani asitazame wala kutazamwa, akafungua kitenge kiunoni, akabaki na gauni lake, akamtupia mzee ncha moja.

"Shika!"

Mzee akashika. Naye akamvuta kama anavyovutwa ng'ombe mbishi kwenda josho, akipapasa ukuta kwa mkono wa pili, mpaka bega lake lilipougonga mlango ukafunguka. Wakatoka juani mbele ya kiwanda kizima, mama aliyejifunika koti akimkokota mzee kwa kitenge, na watu wakasahau kucheka kwa mshangao.

Eliezeri alikuja mbio, uso umempauka. Mzee aliketi juu ya gogo, akajipapasa kifua, akavuta pumzi moja ndefu, kisha nyingine, akaonekana kushangaa kwamba zote zimeingia na kutoka salama. Kupitia kioo cha mlango, ukungu ulikuwa unatoweka. Makabati yalisimama makavu, taa zake zinawaka, na misumeno haikuwa imesimama hata kidogo.

"Kofia yangu," alisema mzee, akainuka kurudi ndani.

"Hapana, tata!" Tupokigwe alijikuta amesimama mbele ya mlango, mikono ameitanua, koti limemdondoka mabegani. "Bado. Mpaka tufungue mlango, hewa ipite, nami niseme tayari."

Alikuwa amemtazama usoni, na amemkatalia. Machozi yalimlengalenga, kwa kuwa alijua hapo kazi imekwenda, na pengine na ndoa.

Mzee Isakwisa aliuacha mlango. Kisha akarudi akaketi juu ya gogo.

"Ya mila tutayazungumza nyumbani, yana dawa yake," alisema. Halafu, badala ya kusema na ukuta au kabati au mwanawe, alisema naye mwenyewe. "Nilikuja kukuchukua, mwanangu. Lakini nikikuchukua, humu ndani watu watatolewa na nani?"

Akageuka kumtazama Didas, aliyekuwa bado amejificha nyuma ya magogo.

"Na huyu aliyetangulia kukimbia?"