Mshono Unaolala Kushoto

Nasinzia na sindano mkononi. Adhuhuri imeshaadhiniwa, nimeswali, nimekula wali wa jana kwa dagaa, nimekaa mkekani mlangoni kwangu kwenye mwanga mwingi, na kofia ya harusi ya mwanangu Makame iko mapajani. Harusi Ijumaa, leo Jumanne, na kofia haijafika nusu. Watu wa mtaani wanadhani Bi Miza anachelewesha kwa kuringa. Uongo mtupu. Macho yamekwisha. Mwezi mzima natoboa matundu ya nakshi, nayafunga kwa uzi pembezoni, kesho yake nageuza kofia ndani, naona yamekwenda upogo, nafumua. Vidole navyo, baada ya miaka arobaini ya sindano, ncha zake zimekufa ganzi, hata sufuria ya moto nahisi kwa kuchelewa. Sijamwambia mtu. Na kando yangu, ndani ya mfuko wa karatasi, iko kofia nyingine aliyoileta Makame asubuhi, kazi ya dada yake Salha, binti yangu, aliyoishona kwa mashine ya kompyuta. Sijaitazama wala sitaitazama. Salha nimemfukuza tangu mwezi wa mfunguo sita. Nilimwambia mbele ya majirani, mashine ndiyo fundi, wewe kazi yako kubonyeza tu, na ukitoka na lidude lako hilo ujue humu ndani huna mama. Akatoka. Nikaona nimeshinda. Tangu siku hiyo nachemsha chai ya mtu mmoja, na roho inaniuma, wallahi, lakini kumfuata siwezi. Kope zinashuka. Nasema nifunge tundu hili moja tu, nachomeka sindano, na tundu linapanuka.

Linapanuka mpaka naona barabara upande wa pili, na mguu wangu umeshaingia kabla sijasema bismillahi. Barabara ni ya bafta, kitambaa kile kile cha kofia, nyeupe, inabonyea ninapokanyaga, na haina mwisho. Pembeni hakuna mti wala nyumba. Natembea, na kila nikitembea naona niko pale pale, au pale pale ndipo panapotembea na mie. Mbele yangu kasimama mwanamume kavaa kanzu na kofia, na chini ya kofia hapana kitu. Hana macho, hana pua, hana mdomo, ngozi tupu kama unga uliokandwa. Lo! Napiga yowe, yowe halitoki. Mkononi kashika uzi wa kupimia kichwa, ule ule tunaoutumia mafundi wa kofia, wenye fundo mwishoni. Nakusanya ujasiri namuuliza, weye nani? Anasema, mie mteja wako. Nasema, wateja wangu wana nyuso. Walikuwa nazo, anasema, uliwatazama lini? Namuuliza, nitapita wapi nirudi kwangu? Pale ulipotoboa. Nimetoboa kwingi mie. Basi utarudi kwingi, anasema, na anatangulia, na mie namfuata bila kupenda, maana barabara nyuma yangu inajifumua uzi mmoja mmoja.

Tunafika mji. Ni mtaa wangu, kichochoro ni kile kile, baraza ni zile zile, ila kuta zote ni vioo, na ndani ya kila kioo amekaa mwanamke anashona kofia, na wote hawana nyuso, wana mikono tu. Nawajua kwa mikono. Yule Bi Kazija, fundi mwenzangu, hukata uzi kwa kuuzungusha kidoleni. Yule marehemu mama yangu. Na yule mwenye pete ya fedha ni bibi yangu mzaa mama, aliyekufa mie sijaolewa. Napiga goti mbele ya kioo chake, shikamoo bibi, niambie wewe, fundi ni nani? Hainui kichwa. Anasema, uzi wako amesokota nani? Nasema wa kiwandani, bibi, nanunua dukani. Na pindo la chini unalishona na nini? Kila mtu anajua pindo la chini la kofia sote tunapiga cherehani, tangu zamani, na hakuna anayelitaja. Anasema, mie nililia siku mama yako alipoleta cherehani nyumbani, nikamwita mvivu mbele za watu. Halafu ikawaje? Halafu nikamwomba anipindie, anasema, na mikono yake inazama ndani ya kioo, na pale alipokuwa sioni tena ila mikono yangu mwenyewe.

Yule mtu asiye na uso ananivuta mpaka uwanjani, na uwanja umejaa kofia, zimepangwa chini mpaka jicho linachoka, zote nyeupe, zote za nakshi yangu ya majani ya mkungu. Anasema, moja imeshonwa kwa mkono wako, nyingine zote hapana. Ichague. Ukiipata, unarudi. Ukikosea, unaacha uso wako hapa, na mwanao hatakujua mlangoni. Mwanangu yupi? Yule uliyemwambia hana mama. Nacheka, ndiyo, nacheka kwa kiburi, maana jambo hili jepesi kwangu. Kwetu kofia haihukumiwi kwa nje. Inageuzwa, kwa sababu ndani ndiko mkono wa fundi unakoonekana. Na mkono wangu una alama. Nikiwa mtoto mlango ulinibana kidole gumba cha kulia, kikaunga vibaya, na tangu hapo kila tundu ninalolifunga, mshono wa mwisho hulala kushoto. Mama alinichapa sana kwa ajili yake na haukunyooka. Mashine gani itakosea hivyo? Nageuza kofia ya kwanza, mshono umesimama wima, natupa. Ya pili, wima. Ya mia, wima. Jua limeganda utosini, magoti yamechubuka kwa kutambaa, na ghafla naiona, mshono umelala kushoto, kila tundu, kwa ulegevu ule ule wangu. Naikumbatia. Hii, nasema, hii yangu, naapa! Anasema, muulize aliyeishona.

Kioo kinasimama mbele yangu na ndani yake yumo Salha, ana uso, uso wa kwanza kuuona tangu niingie huku, na umekonda. Amekaa mbele ya kompyuta yake, na pembeni ana kofia kuukuu niliyomshonea marehemu baba yake, ameigeuza ndani, anaichungulia kwa lenzi. Anachora tundu moja. Anaiamuru mashine ishone. Mshono unatoka wima. Anafumua, anachora tena, anausogeza mshono wa mwisho kidogo tu. Kitambaa kinakunjamana, sindano inavunjika, kipande kinaruka kinamchoma chini ya jicho, anafuta damu, anatia sindano nyingine, anaanza upya. Mashine haijui kitu, naiona, imesimama inangoja kama punda. Nahesabu kofia zilizoharibika miguuni pake, nafika thelathini na kitu, naacha. Anasema peke yake, bado, mkono wa mama haulali hivi, unalala kwa kuchoka zaidi. Ya Rabi! Mie alama hii nilipewa na mlango, sikuihangaikia hata siku moja. Yeye kaitafuta. Napiga kioo kwa ngumi, Salha, Salha mwanangu, nimekosa! Anainua macho, ananitazama kama mtu anayetazama ukuta, anarudi kwenye kazi yake. Nyuma yangu yule mtu ananizungushia uzi kichwani, taratibu, kwa adabu, anafunga fundo, na nasikia kitu kikivuliwa bila maumivu. Nageuka. Sasa ana uso, na ananitazama kwa macho yangu haya haya yaliyokwisha. Namuuliza kwa mdomo ambao sijui uko wapi, na mie nitakwenda vipi kwa mwanangu hivi? Anasema, nenda kama yeye alivyokuja kwako, kwa kofia.

Naamka. Mkeka, mlango, joto la alasiri, inzi juu ya sahani. Sindano imenichoma pajani na damu imechafua kofia ya harusi. Alhamdulillahi, nasema, ndoto tu, ndoto ya kiporo. Lakini mkono unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa karatasi, natoa kofia ya Salha, naigeuza ndani, naisogeza karibu na pua ndipo nione. Mshono wa mwisho umelala kushoto. Kila tundu. Nalia kwa sauti na sijali nani ananisikia. Nitavaa buibui sasa hivi nimfuate, nimwombe radhi mbele ya majirani wale wale, nimwambie Makame atavaa hii, na yangu tutaifumua pamoja anioneshe ilipoharibika. Nainua mikono nifute machozi, na vidole vyangu, vidole hivi vilivyokufa ganzi, havinipi habari yoyote. Sihisi pua. Sihisi shavu. Kioo kiko chumbani, na kabla sijainuka napigiwa hodi.

Karibu, nasema. Salha kasimama kizingitini, na chini ya jicho lake kuna kovu dogo, bado jekundu. Ananitazama. Kisha anasema kwa upole, namna anavyosemeshwa mtu baki, shikamoo bibi, samahani kwa kukusumbua, namtafuta mama yangu, niliambiwa humu ndani hayumo. Labda ananirudishia maneno yangu, na ana haki, niliyasema watu wote wakisikia. Labda ananitazama kweli na hanioni. Siwezi kujua, na kwenda chumbani kwenye kioo naogopa. Namnyooshea kofia yake kwa mikono miwili, imegeuzwa ndani, nasema, mwanangu, hii umeishona wewe, na nangoja aniite mama.