Makoti Mekundu Yalipokwenda Ng'ambo

Baba alipofariki, kundi letu la waimbaji pale mjini kwetu Ambatolampy lilibaki mikononi mwa dada yangu Voahangy. Mimi, mpiga tarumbeta, sikuwa na la kusema. Tangu utotoni dada akishaamua jambo, limeamuliwa. Na alituongoza vizuri. Jumapili tukiingia uwanjani kushindana na kundi la mji jirani wa Antanifotsy, watu walikaa juani tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi zizini, na aliyeinuka alikuwa anakwenda haja tu.

Ndipo akaja Bwana Tojo.

Alitoka mji mkuu, kwenye ofisi ya kutangaza utamaduni ng'ambo, viatu vimechongoka kama mdomo wa korongo. Akatwambia tumechaguliwa kuiwakilisha nchi kwenye tamasha kubwa huko Ufaransa. Wanawake wakapiga makofi. Mjomba Razafimbelo, msemaji wetu, ambaye kazi yake ni kufungua onyesho kwa hotuba, akaanza palepale kutafuna maneno kimoyomoyo.

"Onyesho letu ni la kutwa," dada akamwambia. "Huko tumepewa muda gani?"

"Saa nzima, dada yangu. Mtashiba."

Baada ya muda ile saa ikawa nusu saa. Nusu saa ikawa robo. Kisha tukaambiwa nusu ya kundi ibaki nyumbani, kwa sababu kwenye ndege wanatakiwa kukaa wajumbe. Uwanja wa ndege tukawakuta wajumbe wenyewe, mmoja wao mke wa mkubwa wake Tojo, amejifukiza manukato mpaka mjomba akapiga chafya.

"Huyu mama anapiga nini?" dada akauliza.

"Hapigi kitu. Ni mjumbe."

"Mpiga fidla wangu nimemwacha nyumbani analia, wewe unaniletea mjumbe?"

"Dada Voahangy, usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu unayo tayari. Mimi nakuonyesha ilipo."

Tukafika huko Ufaransa, na baridi yake. Siku ya onyesho, tukiwa chumba cha nyuma ya jukwaa, Tojo akaingia na kapu limejaa sketi za majani makavu. Mimi nikadhani ni za kufungia vyombo visivunjike.

"Wenyeji wanauliza nguo zenu za asili ziko wapi," akasema.

Dada akalitazama gauni lake refu na shuka aliyojitanda begani. Akatutazama sisi wanaume: makoti mekundu, vifungo vya shaba, kofia za ukili, kama walivyovaa babu zetu na baba zao.

"Si hizi hapa tumezivaa?"

"Makoti haya yanafanana na ya majenerali wao wa zamani. Watazamaji watachanganyikiwa. Tafadhali, ni dakika nane tu."

"Nane! Si ulisema robo saa?"

"Kuna ngoma kutoka visiwani imeongezwa."

Dada akainua sketi moja kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika panya mkiani. "Mama yako aliwahi kuvaa hii?"

"Mama yangu ni mwalimu!"

"Basi kamvalishe mjumbe."

Tukaingia jukwaani na makoti yetu. Mjomba alikuwa ameonywa aseme sentensi moja tu, na kusema kweli alijaribu. Lakini kwetu msemaji hakurupuki na kuanza kusema. Kwanza anaomba radhi: mimi si mkubwa, wakubwa wapo, mimi si mjuzi, wajuzi wamenyamaza tu. Kisha anajitakasa na lawama, kisha anawaomba ruhusa wenye mamlaka. Ukiruka hapo ni kama kuingia nyumba ya watu kupitia dirishani. Mjomba alikuwa bado anaomba radhi, tena kwa ufasaha ambao sijapata kuusikia hata nyumbani, nikamwona Tojo pembeni mwa jukwaa anapunga mikono kama anayefukuza kuku.

Dada akaona muda unakwisha, akaingia na wimbo. Ni kisa cha binti aliyeolewa mbali, akakosana na baba yake, halafu anapata habari kwamba mzee anaumwa. Ubeti baada ya ubeti unamsikia anafunga mzigo, anaufungua, anaufunga tena. Binti alipofika mlangoni na mzigo kichwani, dakika zetu zikaisha, taa zikazimwa.

Giza totoro. Dada hakunyamaza. Aliendelea kuimba peke yake gizani, sauti imejaa hasira, mpaka makofi yakamfunika. Watu walidhani tumemaliza.

Kule nyuma akakaa juu ya sanduku la ngoma. Mara akaingia mwanamke wa kwetu, amevaa sare ya hospitali chini ya koti la baridi. Hakusalimia.

"Alikwenda?" akauliza.

"Nani?"

"Yule binti. Amefika mlangoni, halafu je? Mimi huo wimbo siujui. Alikwenda?"

Dada akasimama. Akamwimbia mwisho wote pale koridoni, bila ngoma: binti alikwenda, akachelewa, wakamwachia jiwe linaloziba mlango wa kaburi la ukoo alisukume kwa mkono wake mwenyewe, na wosia wa wimbo ni kwamba aliyechelewa kwa baba asichelewe na kwa mama.

Katikati Tojo akatokea. "Jamani, basi linaondoka! Wafadhili wanatungoja mezani!"

"Waanze kula," dada akasema, akarudia ubeti aliokatiza.

Yule mwanamke alikuwa analia bila kujifuta. "Mama yangu yuko hai," akasema. "Yuko nyumbani, Antsirabe." Akamshika dada mikono yote miwili, akaenda zake kazini.

Kesho yake gazeti la huko likatusifu. Halikutaja wimbo wala hotuba. Lilisema giza lile lilikuwa ubunifu wa kijasiri usio na mfano.

Tulipokuwa tunavuna mpunga, Tojo akaja tena, safari hii anatabasamu.

"Wanawataka tena! Ila wanaomba lile giza, liwe refu kidogo."

Dada aliweka mundu chini. Nilidhani atampiga.

"Bwana Tojo, giza wanalo kwao. Wazime taa, wakae. Sisi wanatuitia nini?"

"Lakini ni nafasi ya taifa!"

"Anayetaka kutusikia aje Jumapili. Jua ni la bure, na hakuna atakayelizima."

Tojo akaondoka akikung'uta matope kwenye vile viatu. Baadaye tukasikia amepata vijana wa mjini wanaokubali sketi na giza pia, na kwamba walishangiliwa sana. Dada alipoletewa habari hizo alikuwa anashona kifungo cha koti langu. Alitoa neno ambalo siwezi kuliandika, kisha akaniambia nisimame wima.

Jumapili iliyofuata tulishindwa na Antanifotsy, tena kwa haki. Msemaji wao aliomba radhi vizuri kuliko mjomba. Njia nzima ya kurudi dada na mjomba waligombana ni nani aliyetuangusha.