Jina Lililotajwa Mlimani

Msimu wa kuwinda kulungu ukifika, ukoo wa kina Mutai huhamia kibanda chao cha mlimani, na huko hakuna anayemwita mwenzake kwa jina, maana msitu unasikiliza, na jina ulilolisikia huliita. Mutai mwenyewe ni mlinzi ughaibuni, Doha, na miaka ilikuwa imemsahaulisha mwiko huo. Ijumaa moja, siku ya ibada huko, akitoka kanisani mtaa wa Mesaimeer, akapiga simu.

“Kibet, mdogo wangu! Umepiga kulungu, ama bado unapiga miti?”

Baba akampokonya Kibet simu. “Mwanangu, umefanya nini?”

Ndipo Mutai akasikia simuni mtu akiita kwa mbali, nje ya kibanda: “Kibet!” Sauti ilikuwa yake Mutai mwenyewe.

“Baba, mzuie! Mimi niko Doha!”

Mlango ukalia.

“Ametoka mbio,” baba akanong’ona. “Ameenda kukupokea mizigo.”